Herufi Aliyoongezewa Scholastique

Jumapili tarehe 16 Machi 2025 Scholastique Mwayuma aliandika maneno mawili kwenye simu yake, na kumbukumbu ya mchezo unaoitwa Ng'ambo bado inayo kama alivyoyaandika: "njo miye". Muda mfupi baadaye nyumba ya rafiki yake Zéphirin ilikuwa imeteketea yote.

Haikuwa nyumba ya matofali. Ilikuwa ya maneno, kama kila kitu katika Ng'ambo. Mchezo huo hauna picha hata moja. Mchezaji anafungua simu, anasoma mistari michache inayomweleza mahali alipo na nani amesimama karibu, kisha anaandika anachotaka kufanya: nenda, tazama, chukua, jenga. Mwenzake aliye mbali anasoma alichofanya na kumjibu. Kwa kuwa ni maandishi matupu, mchezo unapita hata kwenye mtandao wa Kibombo, ambako picha moja inaweza kumaliza asubuhi ikifunguka. Uliundwa kwa ajili ya watu mia mbili. Wanaoucheza ni saba.

Scholastique ana miaka hamsini na mmoja. Anachaji simu za watu kwa umeme wa jua katika komini, yaani kata, ya Kasuku, mjini Kindu, mkoani Maniema, mezani pake zikiwa zimelala simu za wauza mchele, walimu na askari polisi, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Hana meno mawili ya mbele ya juu. Anaongea haraka na hapendi kukatizwa. Binti yake Nicole, anayesaidia mezani, humuuliza swali moja kila Jumapili mama anapovaa miwani na kufungua Ng'ambo.

"Mama, muchezo ya watu saba njo muchezo gani? Hata mpira ya watoto hapa barabarani iko na wengi."

"Iko na wengi wa kupiga kelele."

"Ya kwangu iko na watu milioni, dunia nzima."

"Na ukikufa mule ndani, nani kati ya milioni anajua? Unakufa, unaanza tena, basi. Miye nikikosa dimanshi moja, Zéphirin anapiga simu kuuliza kama niko mugonjwa. Mutafute mumoja kati ya milioni yako akupigie."

Nicole hajashawishika. Ukweli ni kwamba mara nyingi Ng'ambo haina kitu. Mchezaji anaingia sokoni, anaambiwa meza zimepangwa na hakuna mtu. Anakwenda bandarini, anaambiwa mtumbwi umefungwa na hakuna mtu. Anaweza kutembea mji mzima asimkute hata mmoja. Kwa anayetafuta burudani, ni kazi ya bure. Scholastique hatafuti burudani. Anawatafuta watu wawili au watatu, na anajua watakuwa wapi.

Anayemtafuta zaidi ni Zéphirin wa Kibombo. Wakati wa vita wote wawili walikuwa waendeshaji wa foni, ile redio ya masafa marefu ambayo ilikuwa njia pekee ya habari kutoka mji mmoja wa Maniema kwenda mwingine. Mtu alikuja, akasema jina la ndugu yake wa Kibombo, na Scholastique akaita mpaka Zéphirin akajibu. Walipitisha misiba, ndoa na maombi ya chumvi. Walifahamiana kwa sauti tu miaka mingi kabla ya kuonana, na walipoonana hatimaye, kwenye stesheni ya Kibombo, Zéphirin alimtazama juu hadi chini akasema, "Kumbe uko mufupi." Scholastique hajamsamehe.

Simu za mkononi zilipokuja, foni zilikufa, na wao wakabaki na salamu za sikukuu. Ng'ambo iliwarudishia mazungumzo. Zéphirin, ambaye sasa amepita miaka sabini, alianza kujenga ndani yake nyumba ya baba yake ya kule Tunda, iliyochomwa vitani mwaka 1999 pamoja na vyote vilivyokuwamo. Alijenga kwa mwaka mzima na zaidi, mstari mmoja baada ya mwingine, akiandika moja kwa moja ndani ya mchezo kila mtandao uliporuhusu. Mchezaji aliyeingia alisoma kuhusu kuta zilizopakwa chokaa mpaka kiunoni tu kwa sababu chokaa iliisha. Mlango wa nyuma uliopaswa kuinuliwa kidogo ndipo ufungike. Baiskeli isiyo na magurudumu iliyoning'inizwa darini, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ilikuwa ya nani. Aliijenga jirani na lango la mji. Alisema anapenda kuona wanaoingia.

Nje ya lango hilo, katika pori la maneno, wapo wavamizi. Programu ndiyo inayowaendesha. Hawaingii ila lango likiwa wazi na mtu akawaita. Neno la kuita ni "njoo". Ndani ya mji hutumika kila siku: unaandika "njoo", na kila aliye karibu analetwa ulipo. Hakuna mwenye akili timamu anayeliandika langoni.

Wiki ile ya Machi mwenye mchezo alibadilisha kitu kidogo. Kabla ya hapo mlinzi wa lango alisema, "Andika jina lako," na Scholastique aliandika "Scola" akapita. Sasa mlinzi, ili awe na uhai zaidi, aliuliza, "Nani?"

Scholastique alijibu kama anavyojibu kila mtu wa Kindu anayeulizwa nani mlangoni. Aliandika "njo miye": ni mimi. Programu haikulijua neno "njo". Ila ilikuwa imefundishwa kusamehe makosa madogo ya tahajia, basi ikamwongezea herufi iliyodhani ameisahau. Ikasoma "njoo". Lango lilikuwa wazi. Wavamizi wakaja, wakachoma nyumba iliyo jirani na lango.

Wengine wangecheka. Scholastique aliweka simu mezani kifudifudi, akamwambia Nicole aendelee na wateja, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Neno hilohilo lilikuwa limeshamgharimu mara moja, na mara ile halikuwa mchezo.

Mwaka 2002 Kindu ilizingirwa. Wenye silaha walioshika mji walikuwa ndani, wenye silaha waliowapinga walikuwa porini, na mashamba yalikuwa katikati. Wanawake waliokwenda kuchimba muhogo hawakuwa na uhakika wa kurudi. Treni haikufika. Scholastique alifanya kazi kwenye foni ya nyumba moja ya biashara na alirudi kwake kabla ya giza, akipita kizuizi cha askari karibu na reli. Askari waliokuwa pale aliwazoea na wao walimzoea. Siku moja walikuwa wamebadilishwa. Sauti aliyokuwa haijui ikauliza kutoka kibandani, "Nani?" Naye akasema, "Njo miye."

Kiswahili cha askari yule hakikuwa cha Maniema. Alisikia mwanamke asiyemjua akimwamuru, tena mbele ya wenzake.

"Unaniita mimi? Unaniambia mimi njoo?"

Alikuja, na kitako cha bunduki kikamkuta Scholastique mdomoni. Wakati anatema damu alijaribu kueleza, akarudia neno lilelile, maana hakuwa na lingine, na akapigwa tena. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyemfafanulia askari kwamba huku "njo" maana yake ni "ni". Askari akasema, "Basi waseme ni." Akamwacha apite.

Miaka ishirini na mitatu baadaye mwenye Ng'ambo alimwambia karibu maneno hayohayo.

Mwenye Ng'ambo ni Axel, kijana aliyesomea kompyuta Goma na kurudi Kindu vita vilipofika kule mwanzoni mwa 2025. Wazazi wake ni wafanyabiashara waliotoka Butembo zamani; mama yake, Kavugho, ana duka la vifaa vya umeme ambalo Scholastique ni mteja wake wa siku zote. Axel ni kijana mwenye adabu na si mjinga. Mchezo aliuandika peke yake, bila msaada wa mtu, na kwa Kiswahili cha vitabuni, kwa sababu anataka siku moja uchezwe kutoka Kigoma mpaka Mombasa. Kwa sasa ana mchezaji mmoja Kigoma.

Ng'ambo ina kanuni ambayo Axel anaisimamia bila upendeleo: kilichoungua kimeungua. Mwaka jana yule wa Kigoma alizamisha mashua yake mwenyewe kwa uzembe, akaomba irudishwe, akakataliwa. Axel anazo nakala za mji wote na anaweza kurudisha kitu chochote, lakini anakirudisha ikiwa programu ndiyo iliyokosea. Kosa la mchezaji ni la mchezaji.

Kwa hiyo nyumba ya Zéphirin ilikuwa inategemea jibu la swali moja. Kama "njo" ni neno, programu ilikosea na nyumba itarudi. Kama "njo" ni "njoo" iliyokosewa, aliyekosea ni Scholastique na nyumba imekwisha.

Jumatatu alikwenda dukani. Axel alikuwa nyuma ya kaunta akifungua maboksi ya nyaya, na Kavugho alikuwa akibishana na mteja aliyetaka bamba la sola.

"Axel, rudisha nyumba ya muzee."

"Maman Scola, nimeangalia kumbukumbu. Programu haikukosea. Uliacha herufi."

"Sikuacha kitu. Nimeandika njo. Nimeulizwa nani, nikajibu njo miye. Muji yote hii inajibu vile."

"Watu wanajibu hivyo kwa mdomo. Mchezo ni wa maandishi. Kwenye maandishi ni 'ni mimi'."

"Nani alikuambia?"

"Kiswahili sanifu, Maman."

"Huyo Sanifu anakaa komini gani?"

Mteja wa bamba alicheka. Axel hakucheka, ila alijibu kwa upole, na jibu lake lilikuwa na uzito. Alisema amepitia kumbukumbu zote tangu mchezo uanze, na watu wengi wameandika "njo" kwa haraka wakiwa na maana ya kuita. Programu imewasaidia kila mara. "Hata Papa Zéphirin mwenyewe. Hajawahi kuandika njoo kwa herufi zote. Nikilifanya njo kuwa ni, siku akiita msaada hakuna atakayekwenda."

"Zéphirin ana kidole ya kutetemeka. Miye kidole yangu iko muzima."

Wakati huohuo Kavugho alimwambia mteja wake, "Bei njo hiyo, papa. Siwezi kushusha tena."

Scholastique alimgeukia Axel. "Umesikia mama yako?"

"Mama anasema," Axel akajibu. "Haandiki."

Kavugho aliliacha bamba. "Nani haandiki?"

"Sina maana hiyo, Mama."

"Boksi yote ya hii duka, nani anaandika juu yake? Shule yako ya Goma ilitoka kwa maandishi ya nani? Rudia. Sema tena kwa muteja: mama yangu haandiki."

Mteja alisema atapita baadaye. Axel aliinama kwenye boksi la nyaya, masikio yamewaka. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumalizia, na Scholastique aliiharibu. Alipiga kaunta kwa kiganja na kumwambia kijana kwamba yeye na askari wa kizuizini ni mtu mmoja, ila yeye hana bunduki. Axel hakujua kizuizi gani. Hakuwa amezaliwa. Aliona tu mwanamke mwenye umri wa mama yake akimfananisha na muuaji kwa ajili ya herufi, mbele ya mama yake mwenyewe, na upole wake ukaisha.

"Sawa," alisema. "Nitairudisha nyumba. Lakini nitairudisha kama kosa la mchezaji lililosamehewa. Uandike kwenye ubao wa mchezo kwamba ulikosea, ili wa Kigoma asiseme nina upendeleo. Asipopinga mtu, nyumba inarudi Jumamosi. Na hilo njo nitaliweka kwenye ukurasa wa maelekezo."

"Wapi?"

"Kwenye makosa yanayokubaliwa."

Scholastique alitoka bila kumuaga mtu, hata Kavugho.

Zéphirin alipiga simu kesho yake. Scholastique alitegemea apate mtu wa kukasirika naye.

"Umeandika?" Zéphirin akauliza.

"Niandike nini? Kwamba nilikosea? Sikukosea."

"Scola. Miye nasema kama weye. Mama yangu alisema njo, baba yangu alisema njo. Sikuulizi neno ni ya nani. Nakuuliza kama umeandika."

"Kwa hiyo weye pia unataka nipige magoti kwa ule mutoto."

"Nataka nyumba."

"Ijenge tena. Si ulishaijenga?"

Sauti ya Zéphirin ikawa kali.

"Nilijaribu jana. Niliandika mulango wa nyuma. Umetoka mulango wa mutu mwingine. Nikaandika baiskeli, nikasahau kama ilikuwa na kengele. Pale niliandika kwamba ilikuwa nayo ao haikuwa nayo, sikumbuki tena. Nilishaitoa kichwani nikaiweka mule, unasikia? Kichwani haimo tena. Iko kwa Axel. Andika hata kwamba weye ni mbuzi, Scola, nisipewe heshima yoyote, nipewe nyumba."

"Na mbele ya lango ungeandika nini, weye? Ukiulizwa nani?"

"Ningeandika jina yangu! Kama kila siku! Nani anajibu mashine kama anajibu jirani?"

Zéphirin alikata simu. Katika miaka yote ya foni na ya simu hakuwahi kumkatia. Nicole, aliyekuwa akisikiliza, alisema polepole kwamba kama watu saba wanaweza kugombana hivi, basi ule wake wa milioni una amani kuliko huu. Mama yake alimwambia anyamaze na achomeke simu ya mwalimu.

Siku mbili Scholastique hakufungua Ng'ambo. Alikuwa na hasira na Axel kwa kumwita mkosaji, na Zéphirin kwa kukubali haraka hivyo, na hasira aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe hakuisema. Alhamisi, baada ya wateja wa asubuhi, alivaa miwani, akafungua ubao wa mchezo, mahali ambapo wachezaji huachiana ujumbe. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja, akasoma mara mbili, akatuma. Alikuwa ameandika: "Miye Scholastique nilikosea. Njo hivyo."

Ubao ukaonyesha: "Miye Scholastique nilikosea. Njoo hivyo."

Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo, wala Axel, ambaye aliuweka msamaha wake wa tahajia kila mahali, hata ubaoni. Wa Kigoma alikuwa wa kwanza kujibu. Aliuliza kwa heshima zote: "Njoo wapi, mama?"

Kelele alizopiga Scholastique zilisikika mpaka kwa wauza mchele. Alituma tena, programu ikamwongezea tena. Alituma herufi moja moja zikiwa zimeachana, n, j, o, na hapo ndipo zilipobaki kama zilivyo. Ubao ukajaa. Kavugho, ambaye hachezi, alionyeshwa na Nicole kwenye simu, na akaipeleka simu hiyo nyuma ya duka na kuiweka mbele ya mwanawe.

Axel alisoma yote. Hakuna Kiswahili, hata cha vitabu vyake, kinachosema "njoo hivyo". Hakukubali kwamba "njo" ni neno. Aliandika ubaoni kwamba programu, mahali hapa, imesahihisha kisichohitaji kusahihishwa, na kwamba ataliondoa sahihisho hilo kila mahali katika mchezo. Kuhusu nyumba aliandika kwamba aliyekosa amekiri na hakuna aliyepinga. Yalikuwa mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Kama sahihisho lilikosea, hakukuwa na kosa la kukiri. Scholastique alimpigia simu kumwambia hivyo, na kumtaka afute ungamo lake.

"Ubao haufutwi, Maman," Axel alisema. "Ni wa wote. Aliyeandika ameandika."

"Niliandika kwa sababu ulinilazimisha."

"Uliandika. Na nyumba inarudi. Unataka nini tena?"

Alimwambia anachotaka, kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa, na baadhi yake hayamo katika kamusi yoyote.

Jumamosi asubuhi Axel atarudisha nyumba ya Zéphirin kutoka kwenye nakala ya tarehe 15 Machi, pamoja na mlango na baiskeli. Kuanzia siku hiyo "njo" peke yake halitaita mtu, na Zéphirin itabidi aandike "njoo" kwa herufi zote. Ungamo la Scholastique litabaki ubaoni. Amemtumia Zéphirin ujumbe wa kawaida wa simu kwamba aende kuiona nyumba yake, na kwamba yeye hataingia Ng'ambo mpaka ungamo lifutwe. Jumapili wachezaji watakuwa sita.